Upande Alikotazama Bibi Harusi

Watu wa mtaani walimwita Mama Pembeni, naye aliitika bila kinyongo, maana jina hilo alilichuma kwa jasho lake. Ukiingia kwenye studio yake, kile chumba kimoja kilichobanwa kati ya duka la dawa na kinyozi, ukakaa kwenye stuli, ukanyoosha kola na kutoa tabasamu lako la kuazima, yeye hakutazami. Anainua kamera, anafumba jicho moja, halafu anakagua kingo za picha zote nne, juu, kulia, chini, kushoto, kama mwenye nyumba anayehakikisha milango imefungwa kabla ya safari. Tabasamu linaanza kukuuma mashavu. Ndipo unapomsikia:

"Feni imekuota kichwani. Sogea pembeni kidogo."

"Lakini Mama, mimi ndiye nimekuja kupigwa picha, siyo feni."

"Basi iambie itoke, tuendelee."

Walilalamika wakiwa wamekaa, lakini wakija kuchukua picha zao walinyamaza. Mtu aliyejijua miaka yote kuwa na sura ya kawaida alijikuta ana macho, ana shingo, ana kimo. Wengine waliuliza kwa wasiwasi kama hawakubadilishiwa bahasha.

Kazi hii aliingia kwa mlango wa ufagio. Alikuwa na miaka kumi na tisa, hana cheti cha maana, alipoajiriwa na mwenye studio wa zamani kufagia na kuandika majina ya wateja. Bwana yule aliitwa Subiri, kwa kuwa hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila kitu. Mteja ana haraka? Subiri. Mvua inanyesha? Subiri. Mshahara? Subiri, ingawa kwa haki yake tuseme mshahara alilipa. Siku moja yule binti alikuwa akizoa vipande vya karatasi ya picha chini ya meza, ile mikato inayobaki picha ikipunguzwa, akauliza kwa nini watu wanakatwa ilhali wameshalipia. Alitegemea kufokewa. Bwana Subiri akafungua droo, akatoa makadi mawili meusi yaliyokatwa kwa umbo la herufi L, kama kona ya seremala, akamwekea juu ya picha moja ya zamani.

"Yasogeze," akasema. "Humo ndani kuna picha nyingine nzuri kuliko hii. Nitafutie."

Alisogeza makadi yale mchana kutwa. Akiyabana, uso wa mtu unakuwa mkubwa na wa siri. Akiyapanua, mtu yuleyule anakuwa mdogo na mpweke uwanjani. Saa kumi aliinua kichwa shingo imekakamaa, na tangu siku hiyo hakuona tena mlango, dirisha wala kioo cha basi bila kujiuliza kina nini ndani yake.

Mengine alifundishwa kidogo kidogo, kati ya wateja. Kwamba katikati ya picha ni mahali pa wavivu: gawa picha mara tatu kwa kulala na mara tatu kwa kusimama, kisha weka jicho la mtu pale mistari inapokutana. Kwamba mtoto hapigwi picha kutoka juu kama kuku, unapiga magoti umfikie. Kwamba taa uizime, umsogeze mtu dirishani, shavu moja liwe kwenye mwanga na jingine libaki na siri zake. Kwamba uzio, reli au kichochoro ukikitumia vizuri kitamshika mtazamaji mkono na kumpeleka hadi kwa unayempiga. Kwamba mtu akitazama kulia, mwachie nafasi kulia, maana hakuna anayependa kubandikwa pua ukutani. Na kwamba kitu kinachogusa ukingo wa picha bila kazi, kitolewe.

Hili la mwisho ndilo alilolishika kupita kiasi. Mwingine angelishika lile la mwanga akaishi kwa amani, lakini yeye alipenda kukata. Bwana Subiri alipostaafu na kumwachia studio, alimwachia pia kile kikatio cha karatasi chenye mpini mrefu, nacho hakikupata mapumziko. Kiwiko cha jirani, mkia wa mbwa, nusu ya mwavuli, vyote vilikwenda na maji. Kila asubuhi akifungua mlango aliyagusa yale makadi mawili, sasa yameota sugu kwenye pembe, akasema kimoyomoyo, "Ahsante, Bwana Subiri." Alikuwa mtu wa shukrani. Kwa mtu mmoja tu shukrani zilikuwa zinamkwama kooni, naye ni mama mkwe wake.

Waliishi nyumba moja miaka thelathini, na ugomvi wao ulikuwa juu ya takataka. Mwanzoni Mama Pembeni alikuwa akileta nyumbani mifuko ya vile vipande vya picha ili awashie jiko. Bibi huyo alipoona mara ya kwanza uso wa mtu ukijikunja motoni, alipiga kelele nyumba nzima ikatoka.

"Hamchomi watu kwenye jiko langu!"

"Siyo watu, mama. Ni karatasi."

"Huyu ana macho. Karatasi ina macho?"

Kuanzia siku hiyo bibi alivichukua yeye. Alikuwa akifuma vitambaa vya meza, na nyuzi zake zilikuwa zikisokotana kama nywele za mwendawazimu. Akagundua kwamba karatasi ya picha ni ngumu, haikunjiki ovyo, na ukiikata vipande vya ukubwa wa kiganja na kuitia meno pembeni, inashika uzi vizuri sana. Akazungusha. Makopo ya biskuti yakajaa, yakahamia juu ya kabati, chini ya kitanda, hadi kwenye rafu ya vyombo. Mama Pembeni aliapa mara ngapi kwamba atayatupa yote! Mumewe alikuwa akimjibu, "Anza wewe kumwambia, mimi nitakuja nyuma yako," kisha anatoka kwenda kazini.

Basi, Jumamosi moja asubuhi akaingia studio muuguzi wa hospitali iliyo mtaa wa pili, amekumbatia kitu kikubwa kilichofungwa shuka. Mama Pembeni alimjua vizuri. Miaka kumi na mitano nyuma ndiye aliyempiga picha za harusi, na picha waliyoikuza kwa ajili ya ukutani ilikuwa mojawapo ya zile alizojivunia.

"Sista! Karibu, karibu. Fremu imevunjika?"

"Haijavunjika, Mama." Muuguzi akafungua shuka, akailaza picha mezani. "Mama yangu alifariki. Miezi miwili sasa."

"Maskini! Pole sana, mwanangu. Sikusikia hata."

"Nimeshapoa." Lakini sauti yake haikuwa ya mtu aliyepoa. "Unakumbuka alivyokuwa na kamera? Akiiona tu, ana kazi jikoni. Tumepekua nyumba nzima. Tuna picha ya kitambulisho basi, na pale amenuna kama kakamatwa. Nimeikuza, nimeiweka sebuleni. Juzi binti yangu mdogo akaniuliza, bibi alikuwa mkali?"

Akapangusa vumbi kwenye fremu kwa ncha ya shuka.

"Mama yangu, mkali! Mtu aliyekuwa akicheka mpaka anashika ukuta. Nikajaribu kumwonyesha yule mtoto bibi yake alivyokuwa akicheka, nikashindwa. Na baada ya miaka miwili mitatu hatakumbuka kitu zaidi ya ile sura ya kitambulisho."

Mama Pembeni akamshika mkono.

"Sasa nimekumbuka," muuguzi akaendelea. "Wakati unapiga hii, alikuja kunishikia shela, upepo ulikuwa unaivuta. Nakumbuka alicheka. Nikasema labda iko nakala nyingine, ambayo aliingia."

Mama Pembeni akaitazama picha. Bwana harusi amesimama kulia, bibi harusi amekaa, uso ameugeuza kushoto, anacheka kwa kinywa chote. Shela imeinuka. Ilikuwa picha nzuri, lakini leo kuna kitu hakikumkalia sawa. Pua ya bibi harusi ilikaribia mno fremu.

Kisha akakumbuka. Alikumbuka alivyopiga kelele, "Mama, toka kidogo!" huku kidole kimeshabonyeza. Alikumbuka picha kubwa ilivyorudi kutoka maabara, na kwenye ukingo wa kushoto mwanamke aliyeingia nusu: jicho moja, nusu ya kicheko, mkono. Alikumbuka alivyoyasogeza yale makadi meusi, akatabasamu, akaweka picha kwenye kikatio na kushusha mpini.

Angeweza kusema kamera haikumpata. Nani angembishia? Filamu zenyewe zilishaoza mwaka ule paa lilipovuja, zikashikana zote zikatupwa, na picha ile ilisafishwa nakala moja tu.

"Aliingia, Sista," akasema. "Mimi ndiye niliyemkata."

"Ulimkata?"

"Nilimkata. Niliona anaharibu picha."

Nje kinyozi alikuwa akicheka na mteja wake. Muuguzi aliinamia picha, na Mama Pembeni akajiandaa kwa matusi ambayo, kwa kweli, aliona anayastahili. Hayakuja.

"Ulikuwa unafanya kazi yako, Mama," muuguzi akasema taratibu. "Mwenyewe nilipoichukua nilisema imependeza." Akaanza kuirudisha picha kwenye shuka. "Hivi vile vipande mkishakata mnavitupa wapi?"

"Huwa tunavi..." Mama Pembeni akaishia hapo. Akamkodolea macho. Kisha akanyakua funguo. "Acha kufunga. Beba hiyo picha, tunakwenda nyumbani kwangu."

Walimkuta bibi dirishani, kwenye kiti chake, sindano inakwenda, kitambaa cheupe kimemfunika magoti. Miaka themanini na ushei ilikuwa imemchukulia masikio nusu. Nusu iliyobaki ilisikia anachotaka yeye. Mkwewe alipiga magoti kando yake, jambo ambalo halikuwa limeonekana siku nyingi, akamweleza kwa sauti ya juu kwamba anaomba kufungua nyuzi zake.

"Zote?"

"Mpaka tukipate, mama. Kuna mtu nilimkata, na huyu ndiye mwanawe."

Bibi akamtazama muuguzi kutoka kichwani hadi viatuni. "Fungueni. Lakini kila uzi mtakaoufungua, mtaurudisha. Sitaki kukuta tambi hapa."

Wakamwaga makopo mezani. Kadi za uzi mia mbili na zaidi, za kila rangi. Wakaanza. Uzi mwekundu ukatoa kiwiko. Wa kijani ukatoa viatu vya watoto watatu. Chini ya bluu mlikuwa na mkia wa mbwa ambaye Mama Pembeni alimkumbuka kwa hasira, na chini ya zambarau nusu ya mjomba wa mtu, ameshika sahani, hana habari kwamba ameshatolewa kwenye ukoo. Muuguzi alianza kwa kucheka, na Mama Pembeni naye akacheka, lakini kadiri vipande vilivyozidi kufunguka ndivyo kicheko chake kilivyopungua. Watu wote hawa! Kila mmoja alikuwa amesimama mahali fulani, karibu na mtu fulani, kwa sababu yake mwenyewe.

Saa saba mchana, chini ya uzi wa rangi ya maboga ambao haukuwahi kufaa kitambaa chochote, ulitokea mkono. Ulikuwa umeshika ncha ya shela. Sehemu ya karatasi iliyokuwa wazi ilikuwa imepauka, lakini pale uzi ulipofunika rangi zilikuwa mbichi kama za jana.

Muuguzi akainuka. "Alama hii. Hapa kwenye kidole gumba. Aliungua na pasi nikiwa darasa la pili."

Wakarudi kazini kwa pupa. Kipande cha pili kilikuwa na pindo la gauni na kandambili. Ukanda ule mmoja bibi aliukata mara tatu, kwa hiyo kilibaki cha juu, chenye uso. Wakafungua hadi kopo la mwisho likabaki na vumbi la biskuti. Uso haukuwemo. Mama Pembeni akachungulia chini ya kitanda, akapapasa juu ya kabati, akarudi mikono mitupu, machozi yanamlengalenga.

"Basi, Mama, inatosha," muuguzi akasema. Alikuwa ameuweka ule mkono wa karatasi kwenye kiganja chake. "Nilikuja sina kitu. Huu ndio mkono ulionilea. Nitamwonyesha binti yangu."

"Lakini kicheko..."

"Kicheko nitajitahidi kumsimulia. Alikuwa na pengo hapa juu, akicheka anataka kuliziba na mkono, anachelewa, kila mtu anaona. Baba alikuwa akimwambia..."

Sindano dirishani ikasimama.

"Pengo upande huu?" bibi akauliza, akigusa mdomo wake. "Na kishimo shavuni?"

Wote wawili wakageuka. Bibi akaingiza mkono chini ya kitambaa chake, akatoa kadi yenye uzi mweupe, ule ule aliokuwa akifumia tangu asubuhi. Hakumpa mtu. Alianza kuufungua mwenyewe, polepole, mzunguko kwa mzunguko, na wao wakasimama kando ya kiti wakishikana. Likatokea paji la uso. Jicho moja, limefinyika kwa raha. Halafu shavu, halafu nusu ya kinywa na lile pengo.

Muuguzi alitoa sauti ndogo, akaziba mdomo.

"Huyu nipo naye miaka yote," bibi akasema. "Uzi mweupe ndio unaokwisha haraka. Ukiisha namkuta anacheka, na mimi nacheka, namzungushia mwingine. Nilijua ana wenyewe. Sema hakuna aliyekuja kumwulizia." Akamtazama yule mwanamke wa karatasi mara moja zaidi, kisha akamnyooshea muuguzi. "Chukua, mwanangu. Alikuwa mtu mwema. Hakuwahi kuninunia hata siku moja."

Mama Pembeni hakuthubutu kumtazama mama mkwe wake usoni, maana yeye alimnunia siku nyingi sana, na kwa ajili ya makopo haya haya.

Waliifungua ile fremu, wakailaza picha juu ya meza, na Mama Pembeni akavipanga vile vipande vitatu kwenye ukingo wa kushoto, kimoja juu ya kingine, mpaka mistari ya shela ikakutana. Akarudi nyuma hatua mbili. Halafu akaona, na aibu na furaha vikamjia pamoja. Mwachie mtu nafasi upande anakotazama. Bwana Subiri alimwambia hivyo kabla hajajua kushika kamera, naye kwa kukimbilia kufukuza mgeni pembeni alimbandika bibi harusi pua ukutani, miaka kumi na mitano.

Muuguzi aliona kabla hajaambiwa. Alifuata kwa kidole, kutoka jicho la bibi harusi, kuvuka pale palipokatwa, hadi kwenye jicho la mama yake.

"Mume wangu ananitania siku zote kwamba hapa nilikuwa naangalia chakula," akasema. "Na mimi nimeshaamini, kwa sababu sikukumbuka nilikuwa natazama nini." Machozi yalikuwa yakimtiririka naye hana habari nayo. "Kumbe nilikuwa namtazama mama."

Mama Pembeni akamweleza kwamba ataipiga picha upya yote kwa pamoja, na kwenye kompyuta anaweza kuziba ile mipasuko, ayajaze yale meno ya uzi, arudishe rangi zilizopauka, mtu asijue kama ilikatwa. Muuguzi akafikiri.

"Pabaki palivyopauka," akasema. "Acha na meno yake. Binti yangu akiuliza, nimwambie bibi yake alikuwa wapi."

Alipoondoka, picha akiiacha ipigwe upya, meza ilikuwa imejaa nyuzi zilizotapakaa na watu waliolala kifudifudi. Mama Pembeni akavuta kiti dirishani, akakaa mkabala na mama mkwe, akaokota kiwiko na uzi mwekundu, akaanza kuzungusha.

"Ahsante, mama," akasema. Neno lilitoka bila kukwama.

"Nini?"

"Nasema ahsante! Kwa kuwaokota."

"Ahsante haizungushi uzi," bibi akajibu. "Kaza hapo, unalegeza."

Walifanya kazi hiyo hadi mwanga ulipoisha dirishani. Jumatatu Mama Pembeni alirudi kutoka studio na bahasha. Ndani kulikuwa na picha moja ya ukubwa wa kiganja, kwenye karatasi ngumu kuliko zote alizokuwa nazo, na pembeni alikuwa ameshaitia meno kwa mkasi wake mwenyewe. Bibi akaisogeza kwenye mwanga. Akacheka, pengo lake na pengo la yule mwenzake wa karatasi yakatazamana. Kisha akaomba apewe ule uzi mweupe, akaanza kuuzungusha.